Punje Kwenye Dari

Odarka Fedoryshyn alizaliwa katikati ya mashamba ya ngano ya Saskatchewan, Kanada, akala ngano miaka hamsini na tisa, kisha daktari akamwambia kwamba ngano hiyo ndiyo iliyokuwa ikimla utumbo. Tangu hapo hata chembe moja ilimlaza kitandani siku tatu, akitapika. Majirani walicheka kwamba sasa wamemwona samaki aogopaye maji.

Duka la mji lilikuwa moja, na rafu ya vyakula vyake humo ilikuwa moja, chini kabisa, pembeni mwa chakula cha mbwa. Mkate usio na ngano ulikaa kwenye friza mpaka ukaota ndevu za barafu. Ukiyeyuka, ulinuka kadibodi iliyolowa. Alipouliza kama wataleta unga usio na ngano, mwenye duka alimjibu kwamba unga ule hata panya hawaugusi.

Basi akajifunza kununua mtandaoni. Wiki tatu aliungoja mfuko mmoja wa unga kutoka Toronto, akienda posta kila asubuhi, kwani alitaka jambo moja tu: Mkesha wa Krismasi, ambao kwa kalenda ya zamani ya kanisa lao ni tarehe sita Januari, ale varenyky mezani pamoja na ndugu zake, vifuko vya unga vyenye viazi na vitunguu, kwa vipimo vya marehemu mama yao. Miaka miwili alikuwa ameketi pale na kiazi cha kuchemsha mbele yake.

Unga ulifika siku mbili kabla. Ulinata vidoleni kama gundi, rangi yake kama maji yaliyooshewa vyombo. Alikanda, akatupa, akakanda tena, akapata vifuko kumi na vitano vilivyopinda kama masikio. Akavipeleka kwa mdogo wake Danylo katika sufuria yake mwenyewe, yenye mfuniko. Saba alivibakiza sufuriani, jikoni kwa Danylo. Vinane alivitia sahanini, akavifunika.

Jioni ya mkesha, nyota ya kwanza ilipoonekana, Danylo alichota kijiko cha chakula cha jadi kiitwacho kutia, yaani ngano iliyochemshwa ikachanganywa na asali na mbegu za popi, akairusha juu. Punje nyingi zikinata kwenye dari, mwaka utakuwa wa neema. Baba yao alifanya hivyo hivyo, na dari ile haikupata kufutwa. Punje za miaka na miaka ziliganda pale, nyeusi kama mavi ya nzi. Odarka alisubiri za kuanguka zianguke, ndipo akafunua sahani.

Danylo alitazama juu, hakuridhika. Akarusha kijiko cha pili.

Kitu kikadondoka katikati ya sahani ya Odarka. Haikuwa hata ngano ya siku ile. Ilikuwa punje kuukuu, imekunjamana, inaburuta uzi wa buibui.

Danylo aliiokota kwa kidole, akakilamba. "Haya, imekwisha. Kula, dada."

"Umeila?"

"Hiyo si ni bahati ya mwaka jana tu?"

"Basi kula na hivi." Akamsukumia sahani.

Wifi yake, Pavlina, akanong'ona kwamba watu wakishajua mtandao, kinyaa hakiwaishi. Odarka alikwenda jikoni, akasimama mbele ya jiko, akaanza kula vile saba kutoka kwenye sufuria. Unga uling'ang'ania meno. Kitunguu peke yake ndicho kilichokuwa cha mama.

Kiti kikaburuzwa nyuma yake. Danylo aliketi mlangoni na ile sahani, akitafuna kwa uso wa mtu aliyepewa sabuni.

"Hivi ndivyo ulivyovingoja wiki tatu?"

"Ndivyo."

Alimeza kwa shida, akachukua kingine. Kisha akaangaza macho juu. "Dari ya huku safi," alisema, akasogeza kiti karibu na jiko.

Odarka alitazama masharubu yake, asali na punje za ngano zikining'inia, akairudishia sufuria mfuniko.

"Kanawe uso kwanza," alisema. "Halafu uje."