Kiatu Kimoja Chini ya Kitambaa

Ko. Kimya kidogo. Ko.

Ndiyo sauti aliyobaki nayo Vernell Gaithers: kisigino cha kiatu kikigonga mbao za sakafu ya kanisa, polepole, bila kufuata ngoma. Ngoma ilikuwa inakwenda mbio, kinanda kinalia, watu zaidi ya mia wamesimama wanapiga makofi, na chini ya kelele zote hizo kisigino kile kilikwenda mwendo wake chenyewe. Kisigino kimoja tu. Cha kushoto.

Alikuwa hatua mbili kutoka pale, sare yake nyeupe imenyooshwa pasi, glavu nyeupe mikononi, kofia ndogo ya unesi juu ya mvi zake. Aliyelala sakafuni alikuwa Lovie Strother, rafiki yake tangu walipokuwa wasichana wa miaka tisa wakipalilia pamba kwenye shamba moja hapa Mississippi. Na juu ya miguu ya Lovie, kuanzia kiunoni hadi vifundoni, kulikuwa na kitambaa cheupe alichokitandaza Vernell mwenyewe.

Katika kanisa la Mlima Nebo ndivyo ifanywavyo. Mtu akishukiwa na Roho akaanguka, manesi wa kanisa humpokea, humlaza, humvua miwani, humfunika miguu asije akaonekana asivyotaka kuonekana, kisha humpepea na kumwacha. Hasemeshwi. Hatikiswi. Aliyo nayo na Mungu wake hayamhusu mtu mwingine. Wengi wa manesi hao hawakuwahi kusomea unesi. Ni akina mama wa kanisa waliopewa sare na upepeo wa mkono. Vernell alikuwa amesomea. Alifanya kazi wodini miaka thelathini na minne, akastaafu, akarudi kanisani kwake na kipimo cha presha ndani ya mkoba, akisema sasa atawashughulikia watu wake kabla hawajafika wodini.

Hawakumrahisishia kazi. Siku alipopiga marufuku nyama ya nguruwe ya chumvi kwenye sufuria ya sukuma wiki, Shemasi Cleotis Broadnax alimfuata hadi jikoni.

"Dada Vernell, marehemu mama yangu alikula mafuta ya nguruwe maisha yake yote, akafika miaka tisini na mmoja."

"Na wewe, Shemasi, una hamsini na nane, na huwezi kupanda ngazi tatu bila kuliitia jina la Yesu."

Jiko zima likaangua kicheko. Nyama ikaondolewa, akatiwa bata mzinga, na kila mwezi Shemasi akanung'unika kwamba hayo majani yana ladha ya karatasi. Lakini alikula. Na kila Jumapili ya kwanza ya mwezi alikaa kwenye meza ndogo ya Vernell karibu na mlango wa ukumbi wa chakula, akakunja shati, akanyoosha mkono.

Vernell aliijua kadi ya kila mtu. Alijua pia jambo ambalo hakuna daktari wa jijini aliyelijua: siku ya Jumapili hakuna mwanamke wa Mlima Nebo aliyemeza kidonge cha presha, kile kinachompeleka mtu chooni. Ibada huchukua saa tatu, choo ni kimoja, na hakuna mwimbaji atakayeshuka jukwaani katikati ya wimbo, ameshika joho kwa mikono miwili, kanisa zima likimtazama. Alikuwa amewasihi. Wakamjibu, "Tutameza tukirudi nyumbani, nesi." Wakirudi nyumbani walilala.

Jumapili ile ya mwezi wa nane, kabla ya ibada, alimkamata Lovie mlangoni.

"Kaa nikupime."

"Nikishaimba."

"Kaa sasa hivi, Lovie. Uso umekuvimba."

"Uso wangu umenona. Wewe una wivu kwa sababu wako umekauka kama mkate wa mahindi wa juzi."

"Kidonge umemeza?"

Lovie akainua mguu mmoja, akashika ukuta asianguke. Kiatu kilikuwa kipya, cheupe, chenye kisigino kigumu. "Umeviona hivi? Nimevinunua kwa ajili ya Bwana. Nikimaliza kumchezea, nitakuja unifunge hicho kimkanda chako mpaka uchoke mwenyewe."

Akaingia ndani akicheka. Hayo ndiyo maneno ya mwisho Vernell aliyoyasikia kutoka kinywani mwake.

Lovie aliimba ubeti wa kwanza vizuri. Katika ubeti wa pili sauti ilikatika, akayumba, akaanguka mikononi mwa wahudumu wawili waliokuwa tayari wamemsogelea, kwa kuwa Lovie kuanguka haikuwa habari. Alianguka karibu kila mwezi. Watu wakapaza sauti kumshukuru Mungu. Vernell akatazama saa yake, mazoea tu ya wodini: saa tano na dakika ishirini. Akamfunika.

Mtu aliyeshukiwa hupiga miguu yote miwili, au analala tu ametulia. Vernell alilijua hilo. Angekuwa wodini angekwisha kupiga magoti. Lakini hakuwa wodini, alikuwa nyumbani mwa Bwana, naye aliona haya kuwa mtu wa kwanza kulitilia shaka tendo la Roho mbele za watu. Alipiga hatua moja. Mama Idella Crume, mwenye miaka themanini na sita, aliyemvika sare hiyo kwa mikono yake, akamshika kiwiko.

"Mwache, mwanangu. Mwache na Bwana wake."

Akamwacha.

Ko. Kimya kidogo. Ko. Saa tano na dakika thelathini na moja kisigino kikanyamaza, na ule ukimya ndio uliomzindua. Alipiga magoti, akamgeuza Lovie uso. Upande mmoja ulikuwa umelegea, umeteremka, kama nta iliyokaa karibu na moto.

Hospitali ya mji wetu ilikuwa imefungwa miaka miwili kabla. Gari la wagonjwa lilitoka mbali, likaenda mbali: karibu saa mbili za barabara hadi jijini. Huko daktari aliuliza kiharusi kilianza saa ngapi, na Vernell akamwambia kweli, saa tano na dakika ishirini. Daktari akatazama picha ya ubongo, akatazama saa ya ukutani. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, alisema, wanaitoa ndani ya saa tatu, na saa tatu zimepita kwa dakika nne. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayekwambia duka limefungwa.

Charlesetta, binti pekee wa Lovie, alikuwa bado nje anatafuta mahali pa kuegesha gari. Aliingia mbio, akamwangukia Vernell kifuani.

"Mama Mdogo, niambie ulikuwepo! Niambie hakuwa peke yake."

"Nilikuwepo," Vernell alisema.

Ilikuwa kweli. Ndiyo kweli iliyomla tangu siku hiyo.

Lovie alirudi nyumbani akiwa nusu. Upande wa kulia ulikuwa umekufa, na maneno yote yalikuwa yamemtoka, hata jina la mwanawe. Waliweka kitanda sebuleni, kando ya dirisha. Charlesetta alifanya kazi kwenye kiwanda cha kukatia kambare, toka alfajiri hadi alasiri, na saa hizo Vernell ndiye aliyemwogesha Lovie, akamgeuza, akamlisha uji wa mahindi kwa kijiko kidogo, akamfuta mdomo. Lovie akitaka kitu alipiga ubao wa kitanda kwa mguu wa kushoto.

"Umesikia?" Charlesetta alisema siku ya kwanza, uso umechangamka kwa mara ya kwanza baada ya wiki kadhaa. "Anaita! Mama Mdogo, anatuita!"

Vernell alikwenda jikoni, akafungua bomba, akayaacha maji yatiririke kwa nguvu asiusikie ule mguu.

Kila jioni Charlesetta alirudi na harufu ya samaki vidoleni, na kila jioni alishukuru. Alileta pai ya viazi vitamu. Alimfunika Vernell mabega kwa sweta. "Bila wewe ningekuwa nimemzika," alisema, tena na tena, na Lovie kitandani alimtazama Vernell kwa jicho lake zima, jicho lisiloweza kusema linajua au halijui.

Ilipokaribia siku ya manesi wa kanisa, mwezi wa kumi, ni Charlesetta aliyesimama kwenye mkutano akapendekeza Mama Mdogo wake atunukiwe ngao ya heshima.

Vernell alikwenda kwa Mchungaji Pickens, akamweleza yote: kitambaa, kisigino, saa. Mchungaji alisikiliza hadi mwisho, akavua miwani.

"Dada Vernell, ukisema utamsaidia nani? Yule binti ana mtu mmoja tu wa kumwegemea, na mtu huyo ni wewe."

"Ananiegemea kwa kutojua."

"Na watu wataogopa. Wataogopa kuanguka. Wataanza kumwogopa Roho."

"Waogope sakafu, Mchungaji."

Hakucheka. "Mwachie Bwana," alisema, na Vernell akatambua kwamba ni neno lile lile lililomshika kiwiko.

Huenda angenyamaza. Alikuwa amechoka, na alimpenda Charlesetta kama mtu anavyompenda mtoto aliyemwona akizaliwa. Lakini Jumapili moja kabla ya sherehe, dada mmoja wa kwaya alianguka, na manesi wawili, wanafunzi wake Vernell, wakamlaza na kumfunika kwa unadhifu kabisa, kona za kitambaa zimenyooka kama alivyowafundisha. Wakasimama wakipepea, macho yao juu, kwenye msalaba. Hakuna aliyemtazama usoni. Baada ya muda dada yule aliinuka akilia kwa furaha, mzima. Vernell alikaa chini ghafla, akagundua sare yake imelowa jasho mgongoni.

Siku ya manesi ilipofika, alipewa ngao, akapewa kipaza sauti. Alitazama safu ya tatu, alikokaa Charlesetta na kofia yake ya rangi ya zambarau.

"Mnanishukuru kwa kuwa nilimwona Dada Lovie mara moja," alianza. "Sikumwona mara moja."

"Sema, dada," mtu akaitikia kwa upole.

"Nilimfunika. Nilimsikia anapiga mguu mmoja. Mimi ni nesi, nilijua maana yake, nikamwacha pale sakafuni kwa sababu niliona aibu mbele yenu. Nataka kuanzia leo, mtu yeyote akianguka, tumtazame uso kwanza. Tumwambie ainue mikono yote miwili. Roho hatakasirika. Nilimwacha…"

Sauti ikamkatika. Na pale Mlima Nebo, shahidi akikatikiwa na sauti, hawamwachi asimame peke yake. Mama Idella akaanzisha wimbo kutoka kwenye kiti chake, sauti yake nyembamba ikitetemeka, kinanda kikaidaka, kanisa zima likainuka. "Lia tu, mama! Bwana anajua!" Vernell aliendelea kusema. Midomo yake ilionekana ikitaja idadi ya dakika, lakini wimbo ulikuwa umekwisha kumfunika, mzito na wa huruma, kuanzia kichwani hadi miguuni. Mchungaji akamkumbatia. Akina mama wakampepea. Wote walimpenda, na hakuna aliyesikia.

Katika safu ya tatu, kofia moja ya zambarau haikuinuka.

Baada ya ibada aliweka meza yake karibu na mlango wa ukumbi kama kawaida, kipimo juu yake, sanduku la kadi kando. Watu walipita na sahani zao.

"Leo hatupimwi, nesi!" Shemasi Broadnax alisema. "Leo ni sikukuu yako. Njoo ule, kuna kuku wa kukaanga, na leo nitajifanya sikuona ukilamba vidole."

Alitabasamu kwa ajili yake. Hakuinuka.

Charlesetta alikuja ukumbi ulipokuwa umeanza kupungua watu. Alivuta kiti, akaketi, akakunja mkono wa gauni. Vernell akamfunga mkanda, akaujaza hewa, akaiachia kidogo kidogo, akasikiliza. Mia moja themanini na mbili kwa mia moja na sita. Mwanamke wa miaka thelathini na tisa.

"Umemeza kidonge?"

"Leo ni Jumapili."

Vernell akachukua kadi, akaandika. Kutoka jikoni sufuria ziligongana, mtu akacheka, maji yakamwagika.

"Ulisema kitu, wakaimba juu yake," Charlesetta alisema. Alikuwa anautazama mkono wake mwenyewe mezani, ukiwa bado umefungwa mkanda. "Nimekuwa nikikushukuru kila siku ya Mungu. Kila siku. Nawe ulikuwa unanisikiliza."

"Nilikuwa nakusikiliza, mwanangu."

"Usiniite hivyo sasa hivi." Alivuta pumzi. "Alilala pale muda gani? Na usiniambie Bwana anajua. Nakuuliza wewe. Dakika ngapi?"

Hewa iliyobaki ilikuwa inatoka kwenye mkanda kidogo kidogo, na Vernell alingoja mpaka ikaisha, maana asingeweza kuvumilia kitu kingine kilifunike neno lile.

"Kumi na moja," akasema, kwa sauti ndogo kabisa.