Magoti ya Magesa

Nilifunga safari kwa sababu ya ujumbe wa dada yangu Nyamisi, ulioletwa Kitaji, mtaani kwangu Musoma, na mama mmoja muuza dagaa. Mama yetu alikuwa ameacha kula vizuri. Kila alasiri alikaa mlangoni akiangalia njia, akisema kaka yetu Magesa, aliyefariki miaka ya foleni za bidhaa, anakuja mpaka langoni, anasimama, haingii. Mimi nikienda kumwona aliniita Magesa. Nilikuwa nimekwenda mara mbili, na mara zote mbili sikusikia jina langu, Wambura, kinywani mwake. Iliniuma sana. Safari hii nilitaka aniite jina langu kabla hajanipotea kabisa.

Asubuhi, Musoma. Nilivaa jinzi yangu iliyochanika magoti yote mawili. Mitumba ilikuwa imemwagika sokoni na mimi ndiyo niliyokuwa nikiuza. Kinyozi hajinyoi, lakini muuza jinzi asipovaa jinzi nani atanunua? Stendi, mzee mmoja wa Buhare aliyaangalia magoti yangu kwa muda, kisha akaniuliza kama sina mama wa kunitilia kiraka. Nikamwambia ninaye, na ndiko ninakokwenda. Vijana walicheka. Yeye hakucheka.

Saa nne nilikuwa Bunda, barazani kwa fundi Shabani. Huyu mzee, wakati nguo zimeadimika, alishonea watu mashati ya mifuko ya unga. Sasa nilikuwa namlipa achane jinzi nzima kwa wembe, maana zisizo na matundu vijana walizipita. Alizichana akiwa ameangalia pembeni, kama mtu anayechinja kuku wa jirani. Nilipoona mfuko wangu wa nyuma umefumuka, nilimwomba apige mshono mmoja nikiwa nimesimama hivyo hivyo. Aliondoa mkono kwenye cherehani.

"Nguo haishonwi mwilini, Wambura," alisema. "Anayeshonewa mwilini ni maiti."

Nikamwambia basi, nitatembea na mfuko wangu uliofumuka. Wazee wana mambo yao.

Saa saba nilipata lori la kupitia Nyamuswa. Lilinishusha Butiama, nikaendelea kwa miguu katikati ya mawe makubwa ya kwetu. Karibu na kisima nilikutana na mwanamke nisiyemfahamu, ametua ndoo yake anapumzika. Aliniangalia magoti, si uso.

"Leo umewahi," akasema.

Nikaitikia, nikapita. Nilikuwa nimekwenda hatua kama ishirini ndipo nikakumbuka kwamba sikuwa nimekanyaga njia ile kwa miezi mitano. Nilipogeuka, alikuwa bado ananitazama, ametulia. Nikaongeza mwendo, na sioni haya kusema kwamba niliogopa.

Alasiri nilifika nyumbani. Mbwa hakubweka wala hakunikimbilia. Alisogea kando akanipisha. Mama alikuwa kwenye kigoda chake mlangoni. Naye aliangalia magoti kwanza.

"Magesa," alisema, "nimepata uzi."

Hapo lazima nieleze. Magesa alishikwa na homa mwaka ambao hata sindano ya kuazima ilizunguka kijiji kizima. Suruali alikuwa nayo moja, imeisha magotini. Zahanati ilikuwa Butiama, lakini alikataa kwenda watu wakamwone magoti nje. Kijana wa miaka ishirini alikuwa akikaa amefunika magoti kwa viganja. Mama akamwambia asubiri, atamtilia viraka kwanza. Duka la ushirika halikuwa na uzi. Akasubiri siku ya kwanza, ya pili, na ya tatu akafa. Sanda pia haikupatikana. Mama alimfunga kwenye gunia la pamba akalishona kwa katani, na mimi, mtoto wa miaka kumi, ndiye niliyemshikia katani. Ndani ya gunia magoti yalibaki wazi. Haya yote niliyajua, na bado nilivaa suruali ile nikaenda nayo kwa mama yangu.

Nilimwambia nitaivua nimpe ashone.

"Usivue. Ukivuaga unaondoka."

Akatoa kopo lake la zamani. Ndani mlikuwa na vipande viwili vya khaki, vimekatwa kwa kipimo tayari, vimepauka kwenye mikunjo. Nyamisi alinishika bega akaninong'oneza nisikubali. Alijua mwiko ule kama alivyoujua fundi Shabani. Mimi niliangalia mikono ya mama. Ilikuwa haitetemeki, na kwa wiki nyingi ilikuwa ikishindwa kushika hata kikombe. Nikaketi chini mbele yake nikanyoosha miguu.

Alishona polepole. Kila sindano ilipogusa ngozi nilihisi baridi mpaka kiunoni, na nikawa nataja jina langu moyoni, Wambura, Wambura, nisije nikalisahau. Goti la pili lilipokamilika alikata uzi kwa meno, akalipapasa.

"Haya. Sasa nenda zahanati, mwanangu. Huna aibu tena."

Nilinyanyuka nikatoka langoni. Nyuma ya ghala niliivua ile jinzi, nikaiacha juu ya jiwe, nikavaa suruali ya shemeji aliyonitolea Nyamisi. Kisha nikaingia tena kwa lango lile lile. Mbwa alinibwekea.

"Wambura," mama alisema, "umefika sa ngapi? Kaka yako ametoka sasa hivi. Hamjakutana?"



"Tumekutana, mama," nikasema.

Akaomba ugali, akala mpaka akamaliza.

Kesho yake asubuhi nilianza safari ya kurudi. Jinzi haikuwepo juu ya jiwe. Nyamisi aliapa hakuigusa, na shemeji hivyo hivyo. Kisimani nilimkuta yule mwanamke, na safari hii aliniangalia uso akaniuliza mimi ni mgeni wa nani. Nikamtajia mama.

"Basi ndugu yako amepitaga hapa mapema," alisema, "anaelekea zahanati. Leo suruali yake imeshonwa vizuri."

Bunda nilimwambia fundi Shabani asichane tena, akaufunga wembe kwenye karatasi bila kuniuliza sababu.

Mama ananiita Wambura mpaka leo. Vijana wa Musoma bado wananiulizia zilizochanika, nami nawaelekeza kwa wenzangu bila kuwasema. Wao kwenye tundu wanaona urembo, na hawajafiwa kwa ajili yake. Ila mimi nikikutana na mtu njiani magoti yakiwa wazi, kwanza namwangalia uso.