Dua Niliyoisoma Kabla ya Wakati

Karatasi ilikuwa kwenye mfuko wa kanzu yangu. Niliiandika mwenyewe, kwa niaba ya wanawake wa kijiji chetu huku kusini ya Unguja, kwa kuwa nimesoma sekondari na mwandiko wangu unasomeka. Walitaka jambo moja tu: sola ya kuendeshea pampu ya kisima. Umeme wetu unatoka bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari, na ukikatika, wao huteka maji kwa ndoo na kamba, migongo ikiwauma kwa kuinamia mwani tangu asubuhi.

Korona ilipopungua, wakubwa wa serikali wakatuita wazee kwenye mkutano mjini kuzungumzia sera mpya ya nishati. Mke wangu akaniambia, "Isomwe hiyo. Usije ukarudi nayo."

Nilipewa kiti cha mbele. Shikamoo kulia, shikamoo kushoto, na harufu ya biriani inatoka uani. Ofisa mmoja akaeleza kwamba nchi imebarikiwa gesi, tusiwe na pupa. Sola zitaanzia mahotelini ili watalii warudi, vijiji vitafuata. Lini, hakusema. Nikafungua mdomo niulize, naye akanigeukia.

"Mzee wetu, muda umetubana. Tufungie kwa dua."

Kwetu dua ikishasomwa, mkutano umekwisha. Hakuna anayeongeza neno baada ya Amin. Nalijua hilo tangu utoto wangu. Lakini niliona fahari kuchaguliwa mbele ya wazee wa mjini, nikainua mikono, nikaisoma ndefu, kwa sauti ya madaha. Ukumbi mzima ukaitikia. Kisha nikala biriani, karatasi imo mfukoni.

"Karatasi je?" mke wangu aliuliza.

"Muda ulitubana."

"Ulibanwa na wali."

Baadaye ripoti ikatoka: wazee wameridhia na wameiombea sera dua. Wameridhia! Nani aliwauliza? Walichotaka kwetu ni Amin, na mimi ndiye niliyewapa. Leo hoteli iliyo jirani na sisi ina sola hata za taa za bustani, bwawa lake la kuogelea limejaa pomoni, na ng'ambo ya ukuta wake wanawake wamejipanga na ndoo. Gesi hiyo tunayoambiwa tuisubiri, sijaiona ikiteka hata kata moja ya maji.

Mwaka huu wameita mkutano mwingine. Nikavaa kanzu. Mke wangu akasimama mlangoni kunizuia.

"Unakwenda wapi, bwana? Sisi tuna vinywa vyetu."

Jirani yetu akacheka. "Mwache na dua zake. Atatufungia tena kabla hatujakaa!"

Wanawake wakaondoka na karatasi yao, mimi nikabaki kisimani, maana umeme ulikuwa umekatika na mapipa yalikuwa matupu. Ndoo ya kumi kamba ikanichubua viganja. Miaka yote hii nilikuwa nikiyanywa maji yale bila kuuliza yamefikaje mtungini.

Walirudi baada ya alasiri.

"Imesomwa?" nikamuuliza mke wangu.

"Imesomwa. Wanasema tusubiri gesi."

"Na dua kasoma nani?"

"Hajasoma mtu. Walitaka kufunga, tukawaambia mkutano wetu haujesha. Kesho tunarudi."

Akachungulia ndani ya pipa.

"Bado nusu," akasema, akaingia ndani.