Niliyeagwa Kwenda Marekani Kucheza Kikapu

Mtu wa urefu wangu hajifichi mtaani kwetu Chumbageni. Mimi nilijificha, na mpaka leo watu wananiuliza habari za Marekani, nami nimechoka kutunga.

Yote yaliletwa na simu hizi za kutazamia mechi. Ligi ya kikapu ya Marekani tuliijua kuwa ya Wamarekani, mara wakaanza kutamba humo Waserbia, Wagiriki, Wakameruni, vijana wa Sudani Kusini. Wazee wa barazani kwetu, ambao hawajawahi kuugusa mpira ule, wakawa wanabishana asubuhi juu ya kahawa nani kafunga zaidi. Nikipita, wananitazama kuanzia miguuni kwenda juu, kama wanapima mbao. "We wangoja nini?" wananiuliza, utadhani urefu ni tiketi.

Mwalimu aliyenifundisha kikapu shuleni ndiye aliyenipatia nafasi katika chuo kimoja huko. Mama akapika pilau, mtaa mzima ukaja kusoma dua ya safari. Nikapitishwa chini ya msahafu mlangoni, na mjomba alipanda kigoda ili uvuke kichwa changu. Wanawake wakalia. Mtu akishaagwa hivyo, ameondoka.

Dar es Salaam nikanyimwa viza. Nilirudi na basi, nikaingia kwa mlango wa uani. Mama akaufunga mlango nyuma yangu.

"Watu washakula pilau, mwanangu," akasema. "Kaa ndani kwanza. Tutaomba tena."

Nikakaa masika yote. Kusimama wima karibu na dirisha sikuthubutu, kichwa kingeonekana. Mgongo uliniuma kwa kuinama ndani ya nyumba yetu wenyewe. Nyuma ya ukuta, barazani, nilikuwa nasafirishwa kila siku: leo nimeanza mazoezi, kesho kocha kanisifu. Mwalimu wangu, ambaye naye hakuambiwa kitu, ndiye aliyenisifu kwa sauti kubwa kuliko wote. Nilimwonea wivu huyo kijana wao wa Marekani. Kuna siku nilimchukia hasa, nikauma mto nisisikike.

Kisha mwalimu akafariki. Nilisikia kipaza sauti cha msikiti kikimtangaza, nikavaa kanzu. Mama akasimama mlangoni.

"Usitoke, baba."

"Nisimzike, mama?"

Alisogea kando.

Nikaingia chini ya jeneza, nikakunja magoti lisiegemee upande, maana wenzangu wote ni wafupi. Jua lilinichoma usoni na nililifurahia, Mungu anisamehe. Nilijua wataniuliza, na nilikwisha kuazimia kusema kweli yote, aibu iwe aibu.

Hawakuniuliza. "Kaja!" alisema mmoja. "Kapanda ndege toka Marekani kuja kumzika mwalimu wake!" Habari ikatutangulia makaburini. Mjomba, yule wa kigoda, alinikumbatia kiunoni akalia.

Tuliporudi niliitwa kwa mama mzazi wa mwalimu, kikongwe asiyeona vizuri. Nilipiga magoti mbele ya mkeka wake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu." Akanipapasa mabega. "Aliniambia, hata nikifa, yule atakuja. Umemtukuza mwanangu."

Nilifungua kinywa. Maneno yote niliyoyapanga msimu mzima wa masika yalikuwepo, na hakuna hata moja lililotoka.

"Sasa warudi lini huko?" akaniuliza.

Mama, aliyekuwa amekaa kando yake, akanijibia.

"Keshokutwa, inshallah."