Kilatini cha Shemeji

Shemeji yangu wa Makorora nilimdharau tangu siku alipomwoa dada yangu, wala sikujisumbua kuficha. Alikaa seminari miaka mitatu, wakamrudisha kwao, na hiyo miaka mitatu akaila maisha yake yote. Alistaafu ualimu wa shule ya msingi, anafuga kuku sita, lakini ukikaa naye kidogo tu atakutajia meza, mlango na mke wake kwa Kilatini. Mama yetu alipozikwa, alisimama kaburini akaomba kwa lugha hiyo mpaka jua likatuchoma visogo. Hatukuitikia amina, maana hatukujua sala imefika wapi. Nikaapa sitakanyaga kwake, na mwaka ukapita.

Kisha binti yao akaposwa. Kwetu Wabondei baba hajibu posa mpaka amwendee mjomba wa binti, kwa miguu yake, amwombe neno. Nikakaa barazani kwangu Mabawa nikimngoja. Wiki tatu, kimya. Dada akapiga simu: mumewe ana presha, niende mimi. Nikamwambia presha ya majivuno haina dawa, aje yeye. Jirani yao mmoja akanichekesha zaidi. Alisema siku hizi dada yangu anakariri Kilatini jikoni huku anakuna nazi. Mwanamke mzima, wajukuu wawili. Nikasema wendawazimu wa mume sasa umempata na mke.

Ijumaa akaja mpwa wangu peke yake. Akanipa shikamoo, akakaa mkekani, akaomba nisikwamishe posa yake.

"Baba yako aje," nikamwambia. "Au Warumi hawana miguu?"

Mapajani alikuwa na daftari. Nikalichukua bila kuomba. Mater, mama. Filia, binti. Aqua, maji. Panis, mkate. Nikacheka mpaka nikakohoa. Nikamuuliza kama bwana harusi naye atafundishwa, au ataoa kibubu. Nilisema mengi, mengine siyarudii hapa. Akaningoja nimalize.

"Mjomba, baba alianguka kabla ya Kwaresima. Alipozinduka Kiswahili kilikuwa kimemtoka, na Kibondei. Kimebaki hiki Kilatini alichofundishwa seminari. Siku tatu alikuwa anaomba maji, sisi tunamfunika blanketi. Ndiyo maana tunajifunza."

"Mbona hamkuniambia?"

"Mama alisema ungecheka."

Nikavaa viatu. Njia nzima mpaka Makorora sikuwa na uso wa kumtazama mtoto yule.

Shemeji alikuwa amelala chumba cha uani, mdomo umekwenda upande, ndevu amenyolewa kombokombo na mkono wa dada yangu. Alinitambua. Alihangaika na ulimi wake kwa muda mrefu, jasho likamtoka, kisha akasema, "Frater."

"Anakuita ndugu," mpwa wangu akasema.

Mtu niliyemsimanga miaka ishirini na tano. Nikakaa ukingoni mwa kitanda, nikamshika mkono, nikatoa neno langu kama mila inavyotaka: nimeridhia, binti aolewe, na yeye baba yake anisamehe. Nilisema taratibu, kwa Kiswahili changu kizuri kuliko vyote. Akanisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, kisha akamgeukia binti yake amweleze nimesema nini.