Siku Nilipoliezua Paa la Bi Rukia

Nacheka sasa, lakini siku ile nilitamani ardhi ipasuke inimeze, na chanzo chake ni maneno matatu tu ambayo mpaka leo nikiyasikia masikio yananiwaka.

Nilikuwa nimepeleka posa kwa Swafiya, jibu bado, na mama yake, Bi Rukia, akaja kwetu Mkomani kumwamkia mama (kumwamkia! kila mtu alijua anakuja kukagua nyumba na mwenye kuoa). Mama aliniambia nitulie chumbani. Ningetulia, wallahi, lakini nikamsikia Bi Rukia akiuliza, "Na huyu Twaha kazi yake ni kuteza na kompyuta?" Nikatoka na salamu zangu, nikamkaribisha aione ndege yangu ninayoirusha kwenye kompyuta.

Jamani, mchezo ule naupenda, nisiseme! Unashika usukani, unaruka kutoka uwanja wa Manda, na chini yako si katuni, ni Lamu yenyewe, picha zilizopigwa kutoka angani, mikoko, mikondo, mafungu ya mchanga, zote zinakuja na intaneti kadiri unavyosonga, mwanzo ukungu mtupu, halafu unaona mpaka mapaa ya nyumba za watu. Bi Rukia akasogeza kiti. "Subhanallah! Nti yetu ni nzuri hivi?" Hapo kichwa kikavimba. Akauliza picha zatoka wapi, nami nikajibu kwa maringo, "Mtandaoni, Bi Rukia, moja kwa moja!"

Nilimaanisha hazikai ndani ya kompyuta. Yeye akaelewa kama mpira kwenye televisheni.

"Basi nipeleke Tchundwa, kwangu." Kwake ni ile nyumba aliyoijenga na marehemu mumewe, chumba kimoja kimoja, miaka na miaka. Nikapita juu ya Faza, nikashuka Tchundwa, picha ikatulia, na nyumba ikatokea: kuta zipo, vyumba wazi, paa hakuna.

"Yalaa! Paa langu li wapi? Ni upepo wa juzi!"

Kabla sijafungua mdomo keshampigia kaka yake, Bwana Shee, aliyeko Faza, naye akapanda pikipiki na misumari yake na kamba, huku majirani zetu waliosikia kilio wanaingia kutoa pole, na mimi nimesimama katikati, kila nikisema picha ni ya zamani naambiwa, "Nyamaa, mwanangu, wewe mwenyewe umesema moya kwa moya."

Simu ikalia. Bi Rukia akaweka spika. "Dada, paa lipo! Nimelikalia hapa, mabati yanichoma. Nani amekwambia halipo?"

Macho yote kwangu. Mama akajifunika uso kwa leso.

Kumbe picha ilipigwa walipokuwa wameezua makuti ili watie mabati, mumewe akiwa hai. Bi Rukia aliitazama tena skrini, akasema polepole, "Siku hizo Athmani alikuwa akishinda mle ndani na nyundo yake." Akanitaka nizunguke tena. Nikazunguka mara tatu.

Baada ya wiki mama akaniletea jibu. "Wamekubali. Lakini Bi Rukia asema si moya kwa moya. Kwanza wende ukamtake radhi Bwana Shee, na upande paa ulione kwa mato yako."

Nilikwenda, nikapanda, mabati yakanichoma, na Swafiya aliposikia alicheka mpaka akakaa chini. Ndege bado narusha. Ila yale maneno matatu nimeyaacha kabisa. Hata ukiniuliza ndia ya kwenda gatini, nitakwambia nyoosha tu.