Msalimie Mama

Mwalimu wa wadogo kwenye kituo chetu cha kulelea watoto tulimpachika jina la Mwalimu Salamu, naye hakulikataa. Jioni alisimama getini kwa miguu yake iliyovimba, na hakuna mtoto aliyetoka bila ujumbe. "Msalimie bibi, mwambie leo umevaa viatu mwenyewe." "Msalimie baba, mwambie umemaliza uji." Asubuhi alitaka majibu, na wakubwa wa nyumbani wakajifunza kuyaandaa.

Mimi ni mpishi, na dirisha langu linatazama geti. Kusema kweli alikuwa ananichosha. Nilimwambia waziwazi kwamba watu wametoka kazini, wanataka kwenda kupumzika, hawana haja ya soga. Akanijibu kwamba nusu ya wazazi wetu wana lugha zao asizozijua, na salamu ndiyo kitu pekee anachoweza kumpa kila mmoja bila kukosea.

Kumbe hata hapo mtu hukosea.

Kidoti, tuliyemwita hivyo kwa alama nyeusi shavuni, aliletwa na baba yake, mchomelea vyuma, mgeni mjini mwenye Kiswahili cha kuokoteza. Mwalimu alimuuliza, "Na mama yake?" Akajibu, "Hayupo." Kwetu asiyekuwepo yuko kazini au sokoni, atarudi. Kwa hiyo jioni Mwalimu akamfunga mtoto kamba za viatu na kumwambia, "Msalimie mama."

Kesho yake jibu likaja. "Mama amesema asante. Amesema nile polepole." Mwalimu alikuja kunitambia jikoni, eti wameshaelewana na mama wa watu hata kabla ya kuonana. Salamu zikawa zinakwenda na majibu yanarudi. Siku moja Kidoti akasema, "Mama amesema upumzishe miguu." Mwalimu akaniuliza huyo mama kaiona wapi miguu yake. Nikamwambia miguu kama ile nani asiyeiona? Alicheka, lakini siku hiyo alivuta kiti akaketi, jambo ambalo nimempigia kelele miaka nenda miaka rudi bila kusikilizwa.

Kisha jioni moja akaja shangazi kumchukua mtoto. Mwalimu, kwa furaha yake, akamwambia, "Nisalimie sana mama yake. Mwambie natamani tuonane."

Shangazi alimtuma Kidoti akalete mkoba, halafu akasema kwa sauti ya chini, "Mwalimu, mama yake tulishamzika, kabla hawajahamia huku. Mtoto hajaambiwa. Anajua mama yuko hospitali ya mbali."

Mwalimu aliingia jikoni, akakaa juu ya ndoo niliyoifudikiza. "Nilikuwa namtuma mtoto kwa marehemu," alisema. Nilizima jiko, nikaketi naye.

Kesho yake alimwita baba mtu. Walikaa kwenye viti vya watoto, magoti ya yule bwana yakikaribia kidevu. Nilipeleka chai, nikabaki nafuta meza ambayo ilikuwa safi.

"Mwalimu, usiache," baba alisema. "Salamu zikikatika, atauliza."

"Na aulize, Baba Kidoti. Nikishajua, siwezi kumwangalia usoni nikamtuma tena."

"Sina maneno."

"Kwa lugha yenu unayo. Zungumzeni ninyi wawili. Mimi nitakuwepo tu."

Kidoti akaitwa. Baba yake akampakata, akaongea kwa lugha yao, polepole. Sikuelewa neno hata moja, lakini nilijua alipofika, maana mtoto aliacha kuchezea kifungo cha shati lake. Hakulia. Alimgeukia Mwalimu, akauliza kwa Kiswahili, "Salamu zangu zilikuwa zinaenda wapi?"

Mwalimu alimtazama baba.

"Kwangu," baba alisema. "Ukinipa salamu, nilikuwa natoka nje na simu, najifanya naongea na mama. Upande wa pili hapakuwa na mtu."

"Na majibu?"

"Yalikuwa yangu."

Hapo ndipo alipolia, akilipigapiga bega la baba yake kwa ngumi ndogo. Mwalimu alilia. Mimi nililia nikiwa nimeshika kitambaa cha meza, sioni haya kusema. Chai ilipoa yote.

Jioni walipokuwa wanatoka, Mwalimu alisimama getini kama kawaida. Neno "msalimie" likamponyoka, likaishia hapo. Kidoti alisubiri, macho yamevimba, mkono umo katika mkono wa baba yake.

"Nimsalimie baba?" aliuliza mtoto.

"Ndiyo, mwanangu," Mwalimu akasema. "Msalimie baba."

Kidoti akainua uso. "Baba, mwalimu anakusalimu."

Yule bwana alikuwa hapo hapo, hatua moja tu kutoka kwa Mwalimu. Alimtazama mwanawe, akajibu, "Mwambie apumzishe miguu."

Mwalimu akaketi kwenye ngazi ya geti, akawasindikiza kwa macho mpaka wakakata kona.